Waliomaliza Kilio

Nikianza na usafi wake mtadhani namsifu. Simsifu. Lakini siwezi kumweleza yule mama bila kuanza na usafi, maana ndio uliotuziba macho sisi sote. Uwanja wake ulifagiliwa mara mbili kwa siku, na katika Tunduma ya wakati ule, vumbi la malori kiangazi na tope la kunata masika, uwanja kama huo ulikuwa kitu cha kwenda kutazama. Nepi zilianikwa kwenye kamba kwa mistari, nyeupe tupu. Vikombe vya uji vilifunikwa kwa kitambaa. Ukiingia mlangoni ulipokelewa na harufu ya sabuni ya mche, na mpaka leo harufu hiyo ikinipata ghafla dukani mate yananijaa mdomoni, lazima nitoke nje niteme.

Tulimwita Mama Mlezi. Jina lake alikuwa nalo, na kwao alikuwa nako, ila hayo sitayasema na wala sijali. Kazi yake ilikuwa kukaa na watoto wachanga wa wanawake waliovuka mpaka. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila mwenye miguu alikuwa anakwenda Nakonde: unaingia na mchele wa Msangano na sabuni, unarudi na vitenge, sukari na mabelo ya salaula, mitumba wanayoiita hivyo Wabemba. Wenye vibali walipita getini. Sisi wengine tulipita njia za panya, katikati ya mahindi, mzigo kichwani na roho mkononi.

Mimi nilitoka Itaka nikiwa mke wa mtu. Nikajikuta Tunduma na mtoto wa miezi minne mgongoni, na mume aliyevuka kwenda migodini Zambia akasahau njia ya kurudi. Mtoto alikuwa wa kike, Sekela. Haya yote ninayoyasema ni kwa ajili yake, mjue mapema. Nimeishi miaka mingi nikitaka kumpata aliyemharibu mwanangu nimshike shingo, na kwa muda wote huo shingo niliyokuwa naiona ni ya yule mama.

Namna yake ya kufanya kazi hakuificha. Aliieleza kwa kila aliyemletea mtoto, kwa lafudhi yake nzito ya Kinyiha, taratibu, kama anayekueleza jinsi ya kuloweka maharage. Alisema kila mtoto anazaliwa na kilio chake, kimepimwa. Kuna mwenye kingi, kuna mwenye kidogo. Ukimbembeleza unakirudisha ndani tu, kitatoka kesho na keshokutwa, atakulilia mpaka anaingia darasa la kwanza. Ukimwacha akitoe chote kwa mfululizo, kinaisha, na kikiisha ndiyo basi.

Kwa hiyo mtoto mpya aliingizwa chumba cha nyuma. Alilazwa juu ya mkeka safi, ameshiba, ameogeshwa, hana homa, hana hata kipele. Mlango ukarudishwa. Hapo analia. Mama Mlezi aliingia kwa saa zake, akamlisha, akambadilisha nepi, akamgeuza ubavu. Hakusema neno, wala hakumtazama usoni. Akimaliza, anatoka. Siku ya kwanza mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Siku ya tatu alilia kwa vipande vipande. Ya tano alinung'unika tu. Wengi kufikia siku ya nane au ya tisa walikuwa wamenyamaza, na jioni hiyo ungemkuta Mama Mlezi anakungoja mlangoni, mikono ameikunja juu ya kitenge, anakupa habari bila kutabasamu.

"Wako amemaliza kilio."

Na sisi tulifurahi. Jamani, tulifurahi. Tulimletea kuku, tulimletea kitenge kipya, tukaambizana sokoni kwamba wa fulani amemaliza kwa siku sita tu, wa fulani mbishi huyo, kumi na mbili. Sekela alimaliza kwa siku nane. Nilinunua soda, nikawagawia wenzangu nikiwa najisikia mama wa maana. Na soda ile mpaka leo nakumbuka hata utamu wake.

Waliomaliza walihamishiwa chumba cha mbele. Nendeni mkaone, tulikuwa tunawaambia wageni. Watoto saba, nane, wamelazwa au wamekalishwa kando ya ukuta, macho wazi, na ndani kimya mpaka unasikia nzi akitua. Ukiingia hawageuki. Mama mchungaji alikuja siku moja kutazama, akatoka akisema amani aliyoiona mle ndani hajaiona hata kanisani. Hakuna aliyejiuliza ni mtoto gani wa miezi saba asiyegeuza shingo mlango ukifunguliwa. Hata mbuzi anageuka.

Kliniki ndiko alikopata sifa hasa. Siku ya kupima uzito aliwapeleka wale ambao mama zao walikuwa ng'ambo, mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na wasichana wawili wa jirani wakimsaidia. Watoto wake walikuwa wazito. Alama zao kwenye kadi zilipanda ndani ya ile rangi ya kijani bila kuyumba, mwezi kwa mwezi, huku wenzao wa mjini wakishuka kwa kuhara. Wakichomwa sindano hawakulia. Nesi wa zamu, mama mmoja mnene mwenye hasira na kila mtu, aliwaambia wanawake kwenye foleni wamtazame Mama Mlezi wajifunze. Kadi ilikuwa na mahali pa kuandika uzito na mahali pa kuandika chanjo. Mahali pa kuandika kwamba mtoto ametazamwa au amesemeshwa hapakuwapo, kwa hiyo yule mama alipata alama zote.

Nisimwonee. Hakupiga. Hakumnywesha mtoto pombe wala dawa ya usingizi kama walivyofanya wengine mtaa wa pili. Mwaka wa kipindupindu, mpaka ulipofungwa na wanawake kama kumi tukakwama ng'ambo kwa siku kadhaa bila namna ya kutuma salamu, alikaa na watoto wetu wote, akachemsha kila tone la maji, akala mara moja kwa siku ili uji uwatoshe. Tuliporudi tuliwakuta wote wazima, wameoga. Hakuna mtoto aliyefia mikononi mwake, na kwa miaka ile hilo halikuwa dogo. Nilimpigia magoti siku hiyo, na magoti hayo sijui leo niyadai kwa nani.

Alikuwa na maneno yake. Alisema kabla ya meno hakuna akili, ya nini kujichosha mdomo? Alisema mtoto anataka vitu viwili, tumbo na usingizi, mengine ni michezo ya wazazi wasio na kazi. Akimwona mama kijana anamchekea mtoto, anamwambia mwanangu huyu, mwanangu yule, alikuwa anasonya na kugeukia pembeni kama aliyeona mtu anavua nguo hadharani. Mmoja wetu alimwuliza kwa nini hata haimbi. Alijibu kwamba wimbo unaamsha hamu, na hamu ndiyo mama wa kilio.

Lakini kuku wake, loo! Kuku aliongea nao tangu jogoo la kwanza. Kila mmoja alikuwa na jina. Aliwauliza kwa Kinyiha wamelalaje, nani kamdonoa nani, akawagombeza, akawacheka, akamwimbia mtetea aliyekuwa anaatamia eti asichoke. Ungesimama nje ya uzio ungedhani ana wageni. Nilimtania siku moja kwamba kuku wake wana bahati kuliko wanetu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema kuku ukimwita anakuja, mtoto wa miezi mitano ukimwita atakwenda wapi? Nikacheka. Nilicheka kabisa, nikampa mwanangu, nikaondoka.

Na misibani alilia kuliko wafiwa. Hilo nalo lilinishinda. Hata awe mtu aliyemjua kwa salamu tu, alianza kulia tangu njiani, akagaagaa chini na lile gauni lake safi, sauti ikasikika mpaka kwa watu waliokuwa wanachimba kaburi. Watu walisema ana moyo laini. Akimaliza alinawa uso, akajikung'uta vumbi, akarudi nyumbani kuwalisha watoto bila kuwatazama. Kilio chake yeye hakikuwahi kumwisha, na hakuna siku aliyojiuliza kwa nini.

Sasa nimweleze Sekela, maana ukimweleza Sekela unakuwa umemweleza yule mama kuliko nikikupa picha yake.

Alikaa kule mpaka alipofikisha miaka mitatu. Alikuwa mnene, ngozi inang'aa, na alikuwa hasemi. Alijua kuonyesha kwa kidole, lakini hata kidole alikitoa kwa uchoyo. Nikirudi jioni hakunikimbilia. Alinitazama nikiingia, akarudi kutazama alichokuwa anakitazama, ambacho kwa kawaida kilikuwa ukuta. Mimi nilisema ana adabu. Jirani yangu alisema mtoto huyu ni dhahabu, wangu angekuwa amekwisha nivua kitenge.

Alipokuwa na miaka minne alikanyaga kaa la moto jikoni kwangu. Mimi nilikuwa uwanjani napepeta mchele, hatua kumi kutoka pale. Hakuita. Hakulia. Alijikokota mpaka nyuma ya mlango, akakaa. Nilimwona pale nikapita, nikarudi nikapita tena, nikamwambia asogee kidogo nichukue ufagio, akasogea. Jioni nilipomwogesha ndipo nilipoona unyayo, ngozi imebabuka, nyama nyekundu imeshika mchanga na mabua. Nilimwagia maji kabla sijajua namwagia nini. Akashtuka mwili mzima, mdomo ukafunguka, na sauti haikutoka. Akanitazama tu, kama anayengoja kuona mtu huyu atafanya nini.

Kesho yake niliwasimulia wenzangu njia nzima ya kwenda Nakonde. Mnadhani nilisimulia kwa aibu? Nilisimulia kwa kujivuna. Niliwaambia mwanangu ni mvumilivu kama askari. Wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, na mmoja akasema wiki ijayo naye anampeleka wake kwa Mama Mlezi. Akampeleka kweli.

Shuleni mwalimu wa darasa la kwanza aliniita akidhani mtoto hasikii. Nikampeleka kupimwa masikio, mazima. Alijifunza kusoma, hesabu alizijua, lakini akiulizwa swali alikaa kimya muda mrefu mpaka wenzake wanacheka. Hakuwa na rafiki. Akianguka aliinuka mwenyewe, akinyang'anywa kitu aliacha. Habari za kufa kwa baba yake zilipokuja kutoka Zambia, nililia mimi niliyeachwa naye, Sekela akaendelea kuosha vyombo. Hakuwa mjinga, nataka hilo lieleweke. Ni kama mtu aliyeambiwa mapema sana kwamba nyumba hii haina watu, akaacha kubisha hodi.

Nilikuja kuelewa akiwa na miaka kama kumi na sita, na nilielewa nikiwa Hasamba, kwa dada yangu, mahali ambapo sikuwa nimekwenda kutafuta elimu yoyote. Kanisani kwao palikuwa na mafunzo ya akina mama. Dada yangu akanivuta tukakae nyuma. Aliyekuwa anafundisha ni nesi mdogo tu, angeweza kuwa mwanangu. Akatuuliza mtoto mchanga akilia anataka nini. Wote tukasema ziwa. Akasema mara nyingine ndiyo, ziwa. Mara nyingine anauliza tu kama kuna mtu. Kila mtu anapokuja, na uso wake na sauti yake, ndani ya ubongo wa mtoto panafunguka njia, na katika miaka ile ya kwanza zinafunguka njia nyingi kuliko atakazofungua maisha yake yote yaliyobaki. Zinazopitwa kila siku zinakuwa barabara. Zisizopitwa zinaota majani, kama njia ya mtoni iliyoachwa.

Mama mmoja mbele yangu akauliza je, yule anayeachwa mpaka ananyamaza mwenyewe, si naye amejifunza kutulia?

Nesi akasema, "Huyo hajatulia, mama. Huyo amekata tamaa."

Aliendelea kusema kwamba haijawa mwisho, ubongo unaweza kurudi kujengeka, ila inataka mtu mmoja aje kila anapoitwa, na aje tena, na asichoke. Hayo niliyasikia kwa mbali. Nilikuwa nimekwisha simama. Nilizunguka nyuma ya kanisa, kwenye mibuni ya watu, nikatapika chai yote ya dada yangu. Aliponifuata nikamwambia ni malaria.

Ningekuwa mwanamke wa maana ningerudi Tunduma jioni ile nikamkalisha mwanangu chini. Sikufanya. Ningemwambia nini? Nilimnunulia viatu. Badala ya kumtafuta Sekela nilianza kumchukia Mama Mlezi, na kuchukia ni kazi rahisi, unaifanya huku unauza mchele. Nikiona nyumba yake nilivuka barabara. Nilimtangaza sokoni. Usiku kitandani nilipanga maneno nitakayomwambia siku nitakayomweka mkononi, nikayapanga upya, nikayanoa. Kumwendea sikumwendea. Miaka ikapita hivyo.

Sekela akakua, akawa msusi. Alipanga saluni ndogo karibu na stesheni ya reli, na wateja walimpenda kwa sababu anasuka bila umbea. Mwanamume aliyezaa naye alimwacha mapema. Alikuja kuniaga mimi, kijana wa watu, akasema mama, sina ugomvi naye, ila kukaa na mwanao ni kama kukaa na mlango. Mtoto aliyemwachia alikuwa wa kike, miezi mitatu. Nikampelekea uji wa uzazi, nikampelekea kuni, nikarudi kwenye mchele wangu.

Siku moja nikapita saluni saa nne asubuhi. Sekela alikuwa anachana nywele za mteja. Mgongoni hana mtoto, kwenye kiti hana mtoto. Nikamwuliza mjukuu wangu yuko wapi.

"Yuko kwa Mama Mlezi," akasema, na kitana hakikusimama. "Leo siku ya pili."

Sikujua kama yule mama bado anapokea watoto. Nilimdhani kikongwe asiyeweza kunyanyua hata kikombe. Nilikwenda nusu mbio, umri huu na miguu hii, na watu walinisalimia njiani sikuwajibu. Kilio nilikisikia kabla sijafika kwenye uzio. Kilikuwa kimeanza kukauka.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, jicho moja limeingia ukungu, ungo wa maharage magotini, anachambua kwa kupapasa. Kuku walikuwa wamemzunguka. Nilisimama mbele yake na maneno yangu yote ya miaka ile, yakatoka machache tu. Nikamwambia umeniharibia mwanangu, sasa unamtaka na mjukuu.

Hakushtuka. Aliuliza kwanza ni nani, nikasema Mama Sekela. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Sekela alikuwa mtoto wangu wa nne," akasema. "Wale watatu wa kwanza niliwabeba mgongoni. Na wako nilimbeba, wiki mbili. Siku ile uliyokuja na matope mpaka magotini nilimpokea nikamwimbia. Unakumbuka ulisema nini?"

Nikasema sikumbuki. Na hapo nilikuwa bado nasema kweli.

"Ulisema, mama, usimzoeshe. Mwache alie mpaka kilio kimwishie, mimi huyu napita naye porini."

Nilitaka kumwita mwongo. Nilifungua mdomo kabisa. Matope ndiyo yaliyonikumbusha. Ilikuwa masika. Mama Mlezi alikuwa na msiba kwao siku ile asubuhi, kwa hiyo nilipita njia ya panya na Sekela mgongoni na belo kichwani. Katikati ya mahindi akaanza kulia. Nilimtikisa, nilimziba mdomo kwa kiganja, akazidi. Watu wa forodha walikuja moja kwa moja kwenye ile sauti, wakachukua belo na kila kitu. Jioni nilipompeleka, ili nivuke tena alfajiri, nilikuwa bado na hasira, na niliyemkasirikia ni mtoto wa miezi minne. Kwetu Itaka watoto wanabebwa mpaka watake wenyewe kushuka. Hakuna bibi wala shangazi aliyenifundisha habari ya kilio kinachokwisha. Nilikitunga pale pale uwanjani kwake, nikakisema kwa sauti ya mtu anayejua.

"Nilifanya kama ulivyosema, na kweli akanyamaza," akaendelea. "Wenzako wakaja, wakataka hivyo hivyo. Mimi sikusoma. Wewe ulikuwa umemaliza la saba, nikajua ni elimu."

Alisema bila kunilaumu, bila kunihurumia. Kisha akapapasa chini, akaupata ungo wake, akarudi kwenye maharage. Nilimtazama nikitafuta ile chuki niliyoitunza, nikaiona iko vilevile, haijapungua hata punje, ila yule mama haikuwa ikimtazama tena.

Niliingia chumba cha nyuma bila kuomba ruhusa. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, safi, ameshiba, uso umevimba kwa kulia. Nikambeba. Hakunyamaza. Alinilalia begani akalia sikioni mwangu njia nzima, mbele ya maduka, mbele ya foleni ya malori, na madereva wakachungulia madirishani. Mimi sikumziba mdomo. Ningependa kusema nilimbembeleza. Ukweli ni kwamba sikujua mtu anamwambia nini mtoto. Nilizaa, nikalea, nikazeeka, na kinywa kikawa kitupu.

Sekela alikuwa amemaliza mteja, anafagia nywele. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, na yule mtoto analia. Sikujipunguzia kitu. Nilimwambia matope, nilimwambia belo, nilimwambia kiganja changu juu ya mdomo wake. Nilimwambia alikuwa analia, na mimi ndiye niliyeagiza asijibiwe. Aliendelea kufagia mpaka nikamaliza. Uso wake ulikuwa vilevile, na mimi nilikuwa natafuta hata chozi moja, hata tusi.

Akaegemeza ufagio ukutani.

"Sasa nani atakaa naye?" akauliza.

Nikasema nitakaa naye mimi. Mchele nitauacha. Akilia nitamwendea, kila mara, hata akilia mara mia.

Sekela alinitazama usoni muda mrefu. Sijui kama alikuwa amewahi kunitazama hivyo tangu azaliwe. Halafu akasogea, akamtoa mtoto mikononi mwangu, akamweka kifuani kwake kwa namna ya mtu asiyejua vizuri mkono mwingine uende wapi.

"Wewe?" akasema.